Kimwera Mlangoni pa Skuli

Neno "shule", ambalo watu wa bara hulitamka kila siku bila ya kuliuliza ukoo wake, ni neno la Kijerumani. Visiwani husemwa "skuli", nalo limetoka kwa Mwingereza. "Madrasa" ni la Mwarabu. Lililobaki ni "chuo", neno la kale la pwani, ambalo zamani lilikuwa na maana ya kitabu na ya pahala pa kukisomea, na ambalo siku hizi limepandishwa cheo likapewa wakubwa. Katika maneno manne haya imo tarikhi nzima ya elimu ya Afrika Mashariki. Jambo la kutazama ni kwamba hakuna hata moja lililotoka katika lugha za bara, lugha ambazo watoto wa kule huingia nazo darasani siku ya kwanza, na kutakiwa siku hiyo hiyo waziache nje pamoja na fimbo za kuchungia mbuzi.

Naipingo ni kata ya wilaya ya Nachingwea, mkoa wa Lindi, katika nchi ya Wamwera inayoenea mpaka Ruangwa na kuteremka kuelekea bahari. Ni nchi ya korosho, ufuta, mihogo na mbaazi. Msomaji wa mashairi akiitazama ramani ya huko atasikia kitu kabla ya kukiona: Nachingwea, Naipingo, Naipanga, Namatula, Nambambo, Nangowe, na upande wa Ruangwa, Nandagala, Nambilanje, Namichiga, Narungombe. Ile "na" ya mwanzo inarudi na kurudi kama kina kilichohamia kichwani mwa mshororo. Lugha iliyoyatunga majina hayo wenyewe huiita Chimwera, kwa "chi" pale ambapo pwani husemwa "ki", na ndugu zake wa karibu ni Kiyao na Kimakonde. Pamoja na Wamwera wanaishi humo Wayao, Wamakonde, Wamakua na Wangindo, kwa hiyo mtoto wa huko mara nyingi amezisikia lugha mbili au tatu kabla hajajua kufunga kamba ya kaptula.

Haisemeki kwamba watu hao hawakuwa na mafunzo mpaka walipoletewa. Kulikuwa na jando na unyago, na humo mtoto alifundishwa kwa nyimbo, kwa mafumbo, kwa vitendawili na kwa maneno yasiyotamkwa mbele ya asiyepita kambini. Mafunzo hayo yalikuwa na walimu wake, muda wake na mtihani wake, na lugha yake ya kusomeshea ilikuwa lugha ya nyumbani, kwa sababu hapana aliyefikiri kwamba mtu anaweza kufundishwa utu kwa lugha asiyoielewa. Visiwani jambo hili si geni. Unyago unaochezwa Unguja, ule uliolikuza jina la Bi Kidude mpaka alipofariki mwaka 2013, ni ndugu wa unyago wa kusini. Ulivuka bahari pamoja na watu waliovushwa kwa nguvu, ambao hawakuachiwa kitu cha kubeba isipokuwa kile kilichokuwa ndani ya vichwa vyao.

Kisha kikaja chuo cha Kurani. Felicitas Becker, katika kitabu chake cha mwaka 2008 juu ya Uislamu wa kusini-mashariki ya Tanzania, ameonesha kwamba dini hiyo ilienea vijijini zaidi baada ya vita vya Maji Maji, tena kwa juhudi za wanavijiji wenyewe kuliko za masharifu kutoka mbali. Katika chuo hicho mtoto alisoma Kiarabu, akafasiriwa kwa Kiswahili, na alipokosea alitaniwa na wenziwe kwa Kimwera. Wataalamu wa leo wangeliita jambo hilo elimu ya lugha nyingi na kuliandalia semina.

Kiswahili cha skuli, kwa upande wake, kilifika kusini kutoka Unguja moja kwa moja. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwachukua watu waliokombolewa utumwani, akavuka nao mpaka Lindi, akapanda nao bara. Nia ilikuwa kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi wakapapenda wakakaa. Wengi wao walikuwa wamezaliwa katika lugha za huko huko bara, Kiyao, Kimakua na nyenginezo. Waliondoka watoto wakiwa na lugha moja, wakarudi karibu na kwao wakiwa na nyengine, waliyoipata kisiwani. Steere huyo ndiye aliyechapisha mwaka 1870 kitabu cha kufundishia Kiswahili kama kisemwavyo Unguja, na mwaka uliofuata akachapisha makusanyo yake ya Kiyao. Kwa hiyo si kweli, kama inavyosemwa wakati mwengine kwa haraka, kwamba wamisionari walizichukia lugha ndogo. Walizikusanya kwa bidii kubwa, ila walizikusanya kama fundi anavyokusanya zana. Padri alihitaji Kiyao ili aingie kijijini, na mwanafunzi akahitajiwa ajue Kiswahili ili atoke.

Wabenediktini wa Kijerumani walifungua misheni Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896, zote zikachomwa katika Maji Maji ya mwaka 1905, na mwaka uliofuata wakaanza Ndanda. Serikali ya Mjerumani nayo ilikuwa imekwisha kukifanya Kiswahili lugha ya maakida na makarani. Mtoto wa Kimwera wa zama hizo alijifunza neno "shule" kutoka kwa watu wale wale waliopigana na baba yake.

Mwingereza alipoichukua nchi alikuta kazi imeanzwa, akaikamilisha kwa namna yake. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ilikubaliwa kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kusimamia tahajia, kamusi na vitabu vya skuli. Washairi wa Mombasa na Lamu hawakulisamehe jambo hilo, na wako ambao hawajalisamehe mpaka leo. Walikuwa na lugha iliyotungiwa tenzi kwa karne kadhaa, wakaambiwa kwamba watoto wao watasahihishiwa insha kwa Kiswahili cha ng'ambo. Kilio chao ni cha haki. Lakini katika kilio hicho Kimvita na Kiamu vilikuwa na watetezi, na Kimwera hakikuwa hata na jina katika mjadala.

Hata hivyo alikuwako mtu mmoja aliyekisikiliza, na wapenzi wa ushairi wanamjua kwa jambo jengine. Lyndon Harries ndiye aliyetoa mwaka 1962 kitabu kikubwa cha "Swahili Poetry", ambacho kwa muda mrefu kilikuwa mlango ambao wasomi wa Ulaya na Marekani waliingilia katika tenzi na mashairi ya pwani. Mtu akikifungua leo atakuta humo kazi za Lamu na Mombasa zilizopangwa, kufasiriwa na kufafanuliwa kwa uangalifu, na ataweza pia kubishana na tafsiri zake hapa na pale, maana Harries alikuwa na sikio la mwanaisimu kuliko la malenga. Lakini kabla ya kufika huko alikuwa padri wa UMCA katika dayosisi ya Masasi. Humo alikusanya vitendawili vya Wamakua na vya Wamwera, akaandika juu ya jando la Wamakonde, na mwaka 1950 ikachapishwa Johannesburg sarufi yake ya Kimwera, kitabu kizima juu ya ngeli, vitenzi na matamshi ya lugha ambayo hapana aliyekuwa ameitungia kazi ya namna hiyo.

Inafaa kusimama hapa kidogo. Mtu mmoja ameshika mikononi mwake lugha mbili za nchi moja. Ya kwanza ina miswada, ina hati za Kiarabu, ina majina ya watunzi na tarikhi za kutungwa. Ya pili ina nyimbo za jandoni na vitendawili vya jioni. Amezitumikia zote mbili kwa ustadi ule ule. Lakini kitabu cha ya kwanza kilirudi kwa wenyewe: wasomi wa Kiswahili walikisoma, wakakikosoa, wakakijibu kwa vitabu vyao. Kitabu cha ya pili kiliandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wataalamu wa lugha za Kibantu, na mlango wa kurudi Naipingo haukufunguliwa. Kosa si la Harries. Kitabu hurudi nyumbani pale ambapo kuna watu waliofundishwa kusoma lugha ya kitabu hicho, na Kimwera hakikuwa na darasa.

Miaka hiyo hiyo ambapo sarufi ilikuwa ikipigwa chapa, Nachingwea ilikuwa imejaa matrekta ya mradi wa karanga. Ulianza mwaka 1947, ukavunjwa mwaka 1951, ukaacha hasara ya mamilioni ya pauni, mashamba yaliyohesabiwa kwa namba, na reli iliyong'olewa baada ya kufungwa mwaka 1962. Jina la kata ya Stesheni bado lipo Nachingwea, ingawa treni haipo. Kwa habari ya lugha mradi huo ulifanya jambo moja tu lililodumu: uliwaleta vibarua wa makabila mbalimbali pahala pamoja, nao wakasemeshana kwa Kiswahili.

Uhuru ulipokuja, Kiswahili kilikuwa na jaha ambayo si rahisi kuieleza kwa kijana wa leo. Mwaka 1967 kilitangazwa kuwa lugha ya shughuli za serikali, kikawa lugha ya kusomeshea katika skuli zote za msingi za Tanzania Bara, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Mwaka 1970 ukafanywa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1977 yakaja mafunzo ya msingi kwa kila mtoto. Mambo haya yalikuwa mema, na asiyekubali hivyo hajawahi kufikiri mwanamke wa kijiji cha kusini ilikuwaje kusimama mbele ya bwana shauri wa zamani na kusemewa na mkalimani. Kwa Kiswahili mtu wa Naipingo aliweza kumjibu mkuu wa wilaya uso kwa uso, kusikiliza redio, kuandika barua kwa mwanawe aliye Tanga, na kutunga shairi likasomwa gazetini na watu wa Pemba. Hakuna lugha nyengine ya Afrika iliyowapa watu wengi wa asili mbalimbali kitu kama hicho kwa muda mfupi kama ule.

Kilichofuata kinajulikana. Kiswahili kilifika mlangoni mwa sekondari kikazuiwa. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba kusomesha kwa Kiswahili kupande mpaka sekondari na hatimaye chuo kikuu, serikali ikakataa. Mwaka 1984 wachunguzi Criper na Dodd walieleza kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa wakikifahamu Kiingereza kiasi cha kuweza kufuata masomo yao, na bado Kiingereza kikabaki. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyemfasiri Shakespeare kwa Kiswahili mara mbili, alinukuliwa katika mwaka huo akisema kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Zanzibar nako, sera ya elimu ya mwaka 2006 iliagiza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Wapenzi wa Kiswahili wamelia, wameandika, wamekwenda kwenye makongamano, na katika makongamano hayo hapakosekani mtu wa kusimama na kutoa mfano wa Wales.

Mfano wenyewe ni mzuri, na unastahili kusimuliwa kwa ukamilifu kuliko unavyosimuliwa kawaida. Wales ni nchi ndogo ubavuni mwa Uingereza, na lugha yake, Kiwelisi, si lahaja ya Kiingereza hata kidogo. Ilikuwako kisiwani humo kabla ya Kiingereza kufika. Ilipata Biblia nzima iliyofasiriwa na William Morgan mwaka 1588, na katika karne ya 18 mhubiri Griffith Jones alianzisha skuli za kuhamahama, zikikaa kijiji kimoja miezi michache na kwenda chengine, zikiwafundisha watoto na watu wazima kusoma kwa Kiwelisi. Maelfu kwa maelfu walijua kusoma kwa njia hiyo, na sababu ilikuwa nyepesi: walifundishwa kusoma maneno waliyokwisha kuyajua.

Mwaka 1847 ikatoka ripoti ya serikali juu ya elimu ya Wales. Waliopelekwa kuchunguza walikuwa Waingereza watatu wasiokijua Kiwelisi, nao wakaandika kwamba lugha hiyo ni kizuizi cha maendeleo na cha maadili mema. Wawelisi wanaikumbuka ripoti hiyo kwa jina la usaliti wa vitabu vya buluu, kwa rangi ya majalada yake. Katika skuli nyingi za karne hiyo kulikuwa na kipande cha ubao kilichochongwa herufi mbili za marufuku ya Kiwelisi. Mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya mama yake alivishwa shingoni, naye akangoja amsikie mwenziwe akikosea amvishe yeye, na aliyekutwa nacho jioni ndiye aliyepigwa. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 adhabu iliyofanana na hiyo katika skuli za Kenya za utoto wake. Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba ubao wa Wales haukuamriwa na sheria yoyote. Ulikuwa desturi ya walimu, wengi wao wakiwa Wawelisi, na wazazi wengi waliukubali kwa sababu walitaka watoto wao wapate kazi.

Lugha ikaanza kupungua. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1911 wasemaji walikuwa karibu 977,000, kiasi cha watu 43 katika kila 100. Mwaka 1939 Ifan ab Owen Edwards akafungua katika mji wa Aberystwyth skuli ya msingi yenye kusomesha kwa Kiwelisi, yenye watoto saba. Mwaka 1947 mji wa Llanelli ukafungua ya kwanza iliyogharimiwa na serikali za mitaa. Mwaka 1956 ikaja sekondari ya kwanza, Glan Clwyd. Baada ya sheria ya elimu ya mwaka 1988 Kiwelisi kikawa somo la lazima nchini kote, hata kwa mtoto ambaye nyumbani kwao hapana anayekijua. Na muda wote huo washairi waliendelea na tamasha lao la Eisteddfod, ambamo mshindi wa utungo wa bahari za kale, zenye masharti ya vina na ya mlio wa konsonanti yanayoweza kumtoa jasho malenga yeyote wa Lamu, hupewa kiti akakaa mbele ya umma kama mfalme. Pamoja na yote hayo hesabu ya mwaka 2021 ilikuta wasemaji 538,000 tu, chini ya watu 18 katika 100, na serikali ya Wales imejiwekea lengo la kufikia wasemaji milioni moja mwaka 2050. Skuli haikurejesha kila kitu. Lakini bila ya wale watoto saba, yumkini leo kungekuwa na makumbusho ya Kiwelisi badala ya madarasa.

Sasa, mtu anayetoa mfano huu katika kongamano la Kiswahili huutoa akiwa amejikalisha upande wa Wales, na Kiingereza akakikalisha upande wa Uingereza. Kwa mtu wa Unguja au wa Mombasa mpango huo wa viti ni sawa. Ukienda Naipingo viti vinageuka. Huko aliyekaa katika kiti cha Kiingereza ni Kiswahili. Ndicho lugha ya skuli, ya ofisi, ya hospitali na ya mtu aliyefanikiwa. Watu wazima wengi waliopita skuli za msingi za bara wanakumbuka kuchapwa au kufanyishwa usafi kwa kosa la kusema "kilugha". Na neno lenyewe litazamwe vizuri. Kiswahili ni lugha, Kiingereza ni lugha, Kireno ni lugha. Kimwera ni kilugha, kwa ile "ki" ya kudogosha inayofanya mtoto kuwa kitoto na jumba kuwa kijumba. Hapakuhitajika ubao wa kuvishwa shingoni. Ngeli ilitosha.

Wapo watakaojibu kwamba kulinganisha huko si haki, kwa kuwa Kiswahili hakikufika Naipingo kwa mabavu ya dola ya kigeni, kilipokewa, na ndicho kilichofanya taifa. Jibu hilo lina ukweli mkubwa. Hata Maji Maji yenyewe isingeweza kuwaunganisha watu wa lugha nyingi hivyo bila ya lugha ya kupelekeana habari. Wapo pia watakaouliza, katika kijiji chenye Wamwera, Wayao na Wamakua, ni lugha gani ya nyumbani itakayoandikwa ubaoni, na nani atalipa vitabu. Na wazazi wenyewe wa Nachingwea, wakiulizwa, huenda wengi wao wangesema wanataka Kiingereza zaidi, kama walivyosema wazazi wa Wales zama za ubao. Hoja hizi si za kupuuzwa. Lakini ni hoja zile zile, karibu neno kwa neno, zinazotumiwa kukizuia Kiswahili kisipande sekondari: umoja, gharama, na matakwa ya wazazi. Mwenye kuzikataa Dodoma inampasa aeleze kwa nini anazikubali Naipingo.

Tena kuna ushahidi wa karibu kuliko Wales, na njia yake inapita Nachingwea yenyewe. Katikati ya miaka ya 1960 Frelimo walipewa kambi hapo, katika Shamba namba 17 la ule mradi wa karanga uliokufa. Samora Machel aliongoza hapo mafunzo ya wapiganaji waliokuja na Kimakonde, Kimakua, Kiyao, Kinyanja na lugha nyengine, na chama kikaamua kwamba lugha ya umoja wao itakuwa Kireno. Kwa hiyo katika nchi ya Wamwera, chini ya mikorosho, watu waliokuwa wakienda kupigana na Mreno walifundishana lugha ya Mreno, huku wenyeji wao wakisema nao kwa Kiswahili. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, Kireno peke yake ndicho kilichoingia madarasani, kwa hoja ya umoja, na hoja hiyo ilikuwa imelipiwa kwa damu.

Lakini katika miaka ya 1990 Msumbiji ilianza kujaribu jambo jengine katika mikoa ya Tete na Gaza, na kwa mageuzi ya mtaala ya mwaka 2003 na 2004 ikaruhusu elimu ya lugha mbili katika skuli za msingi: mtoto aanze kusoma na kuandika kwa lugha ya nyumbani, Kireno akisikie kwanza kama somo, kisha kidogo kidogo kichukue nafasi yake. Miongoni mwa lugha zilizoingizwa ni Kiyao na Kimakonde, wale ndugu wa Kimwera, pamoja na Kimakua na Kimwani cha pwani ya Cabo Delgado, ambacho msikilizaji wa Kiswahili hukitambua mara moja kuwa jamaa yake. Skuli zenyewe ni chache kuliko zinazohitajika, vitabu huchelewa, na walimu wengine huupokea mpango kwa shingo upande. Hata hivyo kusini ya Mto Ruvuma mtoto wa Kiyao anaweza kuliona jina la mama yake limeandikwa ubaoni kwa lugha ambayo mama yake humwita nayo, na kaskazini ya mto huo huo, katika nchi iliyowapa wapiganaji hao hifadhi na shamba la kufanyia mazoezi, mtoto wa Kiyao hawezi. Umoja wa Msumbiji umepata majeraha mengi tangu wakati huo, ila hapana aliyeonesha kwamba hata moja lilitokana na kitabu cha kwanza cha Kimakonde.

Tanzania haikukosa maneno mazuri. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua lugha za jamii kuwa hazina ya historia na ya maarifa, na inawahimiza watu wazitafiti, waziandike na wazifasiri. Mradi wa lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi yake mwaka 2009. Zanzibar, Haji Chum alichapisha mwaka 1994 msamiati wa Kikae cha Makunduchi, na Baraza la Kiswahili la Zanzibar likatoa baadaye kamusi za lahaja za Pemba, Tumbatu na Makunduchi, kazi ambayo kila mwenye kusoma kwa mapenzi mashairi ya kale ya visiwani anaijua thamani yake. Zote hizi ni kazi za maktabani. Kikae kinafaidika kwa sababu mtoto wa Makunduchi akiingia skuli anakuta lugha iliyo jirani mno na yake. Mtoto wa Naipingo anavuka lugha nzima akiwa na umri wa miaka saba au chini yake, na akifika kidato cha kwanza anavushwa tena.

Hakuna anayetaka darasa la saba lifanye mtihani wa Kimwera. Lililo karibu ni dogo: mwalimu wa darasa la kwanza aruhusiwe, tena afundishwe, kueleza jambo kwa lugha ambayo watoto wanaielewa pale Kiswahili kinapowashinda, jambo ambalo walimu wengi wema hulifanya tayari kwa kujificha, vitendawili na nyimbo za huko zipewe nafasi katika vitabu vya kusoma vya huko, upande mmoja Kimwera na upande wa pili Kiswahili, na neno "kilugha" lifutwe katika karatasi za serikali. Kiswahili hakitapungukiwa na kitu kwa hayo, kwani kimeishi kwa kukopa kwa majirani tangu kilipozaliwa.

Tangu mwaka 2022 tarehe 7 Julai imekuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na hutajwa kwa haki siku hiyo kwamba lugha ya Kiafrika imeheshimiwa na mataifa. Sarufi ya mwaka 1950 nayo ingaliko, katika maktaba chache za vyuo vikuu. Mtoto wa Naipingo anayetaka kusoma jinsi bibi yake anavyonyambua vitenzi hana budi kwanza akimaliki Kiswahili, kisha akivuke Kiingereza, kisha asafiri mpaka Dar es Salaam au mbali zaidi, aombe kitambulisho cha msomaji, na aketi kukisoma kitabu hicho akiwa amechukuana na kamusi.